Commandos ya 1998 ni ngumu, ila nusu ya ugumu wake ndo wa haki

Kila nikisikia vijana wanalalamika gemu za siku hizi ngumu nawauliza tu, ushawahi kucheza Commandos: Behind Enemy Lines? Waliitengeneza Wahispania wa Pyro Studios mwaka 1998, stori ni ya vita ya pili ya dunia, misheni 20, na mpaka leo inanyoosha watu vilevile.

Kinachonifanya niipende ni kwamba haikufichi kitu. Unabonyeza mlinzi unaona eneo lote analoliangalia limepakwa kijani, ukiingia sehemu ya karibu yake umekwisha, ila kule kwa mbali ukitambaa hakuoni. Ni kombolela ya watu wazima. Basi unakaa unasoma ramani, huyu anageuka, yule anaenda mpaka konani halafu anarudi, katikati hapo Green Beret, mmoja wa makomando unaowaongoza, ana sekunde chache tu za kutoka nyuma ya ukuta, kisu, mwili begani, na kurudi alikotoka kabla mwenzake hajageuka, maana maiti ikionekana tu alamu inalia na askari wanamwagika kutoka kambini. Mkono kwenye mausi unalowa jasho na hujafyatua hata risasi moja aisee!

Na kila komando ana kazi yake. Jasusi anavaa sare ya adui anawapigisha stori walinzi wakati wenzake wanapita, mdunguaji ana risasi za kuhesabu, mzamiaji ndo mwenye boti. Akifa mmoja misheni imeisha, hakuna cha kusema tutamalizia na waliobaki.

Sasa hapo pa kunikera. Macho ya walinzi unaona ya mmoja mmoja, kwa hiyo ukikuta wanne wanaoangaliana inabidi ubonyeze huyu, ukariri, ubonyeze yule, ukirudi kwa wa kwanza ushasahau. Huo siyo ugumu wa akili, ni usumbufu tu. Kamera nayo haizunguki, jengo likikuzibia limekuzibia.

Kubwa zaidi ni kusevu. Unasevu popote, muda wowote, bure, kwa hiyo taratibu unaacha kupanga unaanza kubahatisha, unajaribu, unakufa, unaloadi, unajaribu tena hatua mbili mbele, unasevu, na ile hofu yote niliyoisifia hapo juu inayeyuka. Ila usiposevu na umeme ukakatika, na betri ya laptop ndo kama zetu hizi, misheni nzima unaanza upya. Sijui hata nilaumu gemu au nilaumu mtaa.

Wajerumani wa studio ya Mimimi walipotoa Shadow Tactics, gemu ya kujificha kama hii, mwaka 2016 walilijua hilo, wakaacha usevu utakavyo ila skrini inakukumbusha muda uliopita tangu usevu, halafu unaweza kuwapangia watu wako wafanye vitu kwa pamoja kwa kubonyeza mara moja. Kamera inazunguka pia. Bahati mbaya studio yenyewe walitangaza kuifunga 2023.

Kwa hiyo kama hujawahi kabisa gemu za kujificha, anza na hiyo ya Wajerumani. Ila kama una laptop ya kizamani isiyobeba gemu za sasa, Commandos itaingia bila shida. Wenye mashine mpya muwe makini, humo inaweza kukimbia kasi kupita kiasi, na ikikimbia hivyo hao walinzi huwawezi.