Mfumo unapomkataa mtu anayejulikana

Mkulima anaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine, hakisomeki. Anakipangusa kwenye nguo, anajaribu kingine, nacho vilevile. Miaka ya kushika jembe imeifuta mistari ambayo mashine inaitafuta. Karani, ambaye huenda anamfahamu tangu utotoni, anamwambia arudi wiki ijayo kwa kuwa mfumo umemkataa.

Hilo pekee halitoshi kuitupa teknolojia hii ya kumtambua mtu kwa mwili wake. Katika nchi zinazoendelea, watu wengi mno hawana hata cheti cha kuzaliwa, na kidole ni hati ambayo mtu hawezi kuisahau nyumbani. India ilianza kutoa namba za utambulisho ziitwazo Aadhaar mwaka 2010. Kufikia 2016 ilikuwa imeandikisha zaidi ya watu bilioni moja, kwa vidole kumi, mboni za macho na picha ya uso. Asiyekuwa na karatasi yoyote akaweza kufungua akaunti benki. Na mtumishi hewa ana jina, ana mshahara, ila vidole hana.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Kenya, na humo mashine haikukosea hata kidogo. Wakati wa ukame, Wakenya wa kaskazini mashariki walijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto, wakipelekwa na wazazi. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, vidole vyao vikajibu: huyu ni mkimbizi. Maelfu wakakwama kwa miaka, raia katika nchi yao wenyewe, bila kitambulisho. Alama zililingana barabara. Njaa iliyowapeleka kambini haikuwa na sehemu yake kwenye fomu.

Nywila ikiibwa unaibadilisha, kidole je? Taliban walipoitwaa Afghanistan mwaka 2021, hofu kubwa ya waliofanya kazi na serikali iliyoanguka ilikuwa kumbukumbu za vidole na macho yao zilizobaki nyuma. Zilikusanywa kwa nia nyingine kabisa.

Mahakama zimejaribu kuweka mipaka. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu Aadhaar itumike kwenye ruzuku za serikali, ila ikakataa wateja walazimishwe kuiunganisha na akaunti za benki au laini za simu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya taifa vilivyotegemea alama kama hizo, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa taarifa za watu, kama inavyotakiwa na sheria ya 2019.

Mimi naukubali mfumo huu kwa sharti moja, nalo si la kitaalamu: karani aliye mbele ya mkulima yule awe na ruhusa ya kumhudumia leo kwa njia nyingine, ushahidi wa jirani au saini ya mkono, na hitilafu ya kidole ishughulikiwe baadaye na ofisi iliyonunua mashine. Kwa sasa anayepanda gari kurudi wiki ijayo ni mkulima, na nauli ni yake.