Bi Kipepeo Mwenye Ndevu

Semina ya siku tatu kuhusu vipepeo ilinitosha kujiona profesa. Nikatua Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako tangu 1993 wanakijiji hufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. (Pupa hao, viwavi waliojifungia kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, si ile niliyokuwa nayo mimi.)

Mama mmoja mfugaji alikuwa amenasa jike jeusi lenye mabaka meupe. Sikumtazama mara mbili.

"Huyu ni kipepeo aitwaye Amauris. Ana sumu, ndege hamgusi."

"Mwanangu, huyo mke wa yule." Akanionyesha dume la Papilio dardanus likikatiza uwanjani, manjano limeiva, mikia miwili nyuma.

Nikacheka hadi nikashika mbavu. "Huyu hana hata mkia! Kama ni mtu na mkewe, niiteni Bi Kipepeo!"

Nililisema hilo mbele ya vijana wa bodaboda.

Nikamfungia jike kwenye chandarua pamoja na mmea utambaao wenye utomvu, chakula cha viwavi wa Amauris. Siku mbili, hakutaga hata yai moja. Mama hakusema kitu. Akaingiza mche wa ndimu. Jioni majani yana mayai.

"Joto limemchanganya," nikasema.

Nilikuja kwa wiki moja. Kiburi kikaniweka mwezi na ushee. Viwavi walipononoka nikamgusa mmoja kwa kalamu. Akachomoa pembe laini kisogoni, akanifukizia uvundo uliokaa kwenye masharubu hadi kesho yake. Amauris hana pembe hizo. Nikanyamaza kama maji mtungini.

Pupa wakapasuka. Wa kwanza: manjano, mikia miwili. Wa pili: mweusi, mabaka meupe, mkia hana. Tumbo moja! Kumbe jike huvaa sare ya Amauris ili ndege wamwogope, na sumu yenyewe hana.

Nikajitetea: "Mama, hata wataalamu wa Ulaya waliwapa mume na mke majina mbalimbali, mpaka mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alipowaunganisha mwaka 1869."

"Hao nao walikwenda semina ya siku tatu?"

Siku ya kuondoka nilipanda matatu, nikajibanza nyuma kabisa na begi langu. Makanga akachungulia dirishani.

"Bi Kipepeo, songa kidogo, mama apate kukaa."