Msitu wa Miombo Uliotoka Kwenye Kichupa cha Asali

Kwa kuwa mwenzangu ameshasambaza habari kwamba nilikula tope la Ziwa Tanganyika, naona heri nieleze mwenyewe kabla hazijafika nyumbani Tabora. Sikula tope. Nililitia asali.

Ilikuwa juzi Alhamisi, hapa Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu chavua, ule unga wa maua, kwa hadubini ili tujue mimea ya kale, punje 300 kwa kila sampuli, katika tope lililolala chini ya ziwa kwa takriban miaka 20,000. (Mnaouliza chavua hudumuje muda wote huo: ganda lake ni gumu kiasi kwamba tunalipika katika tindikali inayoyeyusha hata mchanga, nalo hubaki.) Enzi hizo kulikuwa na baridi. Chavua za kinamasi cha Kashiru, hapo jirani Burundi, zinaonyesha kuwa joto lilipungua kwa nyuzi 4 hivi, kwa hiyo nilitarajia chavua za nyasi tele na za podo, miti ya milimani.

Badala yake nikaona chavua ya mtundu, mti wa misitu ya miombo. Haikuwa punje moja wala mbili, bali kundi zima lililobanana kama abiria wa treni ya Kigoma. Nikasogeza slaidi kidogo: muba, mti mwingine wa miombo. Nikasogeza tena: mtundu. Nikasimama na kutangaza, kwa sauti ambayo sasa naisikia kila nikifumba macho, kwamba wataalamu wote wamekosea na kwamba miombo ilisitawi hapa katikati ya baridi kuu.

Watu sita wakaja. Mkuu wetu, mama mpole asiye na haraka, akavua miwani, akainamia hadubini, akazungusha skrubu mbele, akairudisha nyuma, akanyamaza. Mimi, katika ukimya huo, nilikuwa nachagua kichwa cha makala yangu.

"Mwanangu," akasema, "chavua iliyopitia tindikali hubaki ganda tupu. Hizi zina nyama ndani. Tena miti ya miombo humpa nyuki chavua yake, haiuachii upepo. Itafikaje ziwani makundi kwa makundi? Asubuhi umekula nini?"

Macho yote yakatua mezani kwangu: kikombe cha chai (najua hakiruhusiwi maabara, nimeshakumbushwa vya kutosha), kichupa cha asali aliyonifungashia shangazi, na kijiti cha meno nilichochovyea asali kisha, kwa mkono uleule, nikachotea tope la kuweka kwenye slaidi.

Slaidi ikatupwa, nikatengeneza nyingine, nyasi na podo zikajitokeza kama ilivyotarajiwa. Asali imehamishiwa ofisini kwa mkuu, ambako naambiwa inapungua.

Lakini kuna jambo moja ambalo mwenzangu analishikilia, nami sina pa kukimbilia: anasema kwamba baada ya kuchota lile tope, nilikilamba kijiti kwa mazoea. Nimejaribu kukumbuka. Tope hilo lilikuwa limeshaoshwa tindikali yote, na ladha yake, kwa kweli, ilikuwa tamu.