Ule si moshi, kaka

Picha niliyoituma kwenye grupu la familia ilikuwa nyeupe karibu yote kwa ukungu wa mlimani. Pembeni chini anaonekana mama yangu, kajitanda shali, mkongojo mkononi, na nyuma yake hakuna kitu. Hakuna kilele, hakuna bonde, hakuna mji. Hazikupita dakika tano, kaka yangu aliyeko Dar akaandika: "Nauli yote hiyo mmeenda kupiga picha moshi?" Wengine wakafuata na vicheko. Shangazi akashauri turudi siku ya jua. Mmoja akauliza kama walau tulirudishiwa kiingilio.

Wiki nzima nimekaa na maneno yale na bado yananiuma, ndiyo maana naandika.

Tunaishi Coimbatore, kusini mwa India, huu ni mwaka wa tatu. Mume wangu anasoma hapa. Mama alikuja Aprili kubadilishwa goti. Daktari alipomruhusu kusafiri safari fupi, hatukufikiria mara mbili. Milima ya Nilgiri iko hapo kaskazini yetu, siku ya mbingu safi unaiona ukiwa juu ya paa, buluu kama jina lake linavyosema. Mama alikuwa akiitazama kila asubuhi. Yeye ni mtu wa Lushoto, alizaliwa na kukulia karibu na msitu wa Magamba, na joto la huku chini lilikuwa linamchosha kuliko goti. Basi Jumamosi moja ya Julai, alfajiri, tukakodi gari: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama kwenye kiti cha mbele ili mguu upate nafasi.

Tulianza kukwaruzana na wenzetu njiani kabla hata hatujafika. Tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, gari la mgeni halipandi Ooty, mji wa huko juu tuliokuwa tunakwenda, bila kibali cha mtandaoni. Tena pale Burliar, barabara ya kutoka Mettupalayam, mji wa chini ya mlima, inapoingia wilaya ya Nilgiri, wanakagua kama umebeba chupa za plastiki. Familia iliyokuwa mbele yetu iligombana na wakaguzi mpaka foleni ikarudi nyuma kona nzima, yote kwa sababu ya katoni moja ya maji. Nakubali, kujaza ile fomu simuni kulitusumbua. Nakubali pia kwamba mwenye kibanda cha chai anaumia magari yakipungua. Lakini wilaya ile imekuwa ikipambana na plastiki tangu miaka ya 2000, na mlima una haki ya kumuuliza mgeni umebeba nini. Tulikabidhi chupa zetu mbili, tukanunua mangostini kando ya barabara, watoto wakapaka juisi ya zambarau kwenye viti vya watu, tukaendelea.

Tulipofika mji wa Coonoor tukapanda treni. Ile ya mvuke inayoanzia Mettupalayam tiketi zake ziliisha zamani, kwa hiyo tulipata kipande cha juu tu, Coonoor hadi Ooty, kinachovutwa na injini ya dizeli. Reli ilifika Coonoor mwaka 1899, na Ooty mwaka 1908. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba wataona bonde la Ketti dirishani, vijumba vyake vya rangi na mashamba ya karoti yaliyopangwa kama ngazi. Tulipopita Wellington ukungu ukaingia. Hukuja kwa mbali ukasogea. Uliingia ndani ya behewa, ukakaa kwenye nyusi za watu. Ketti tukaisikia kwa filimbi tu. Mwanangu mdogo akaanza kulia kwamba hakuna anachokiona.

Mama hakusema kitu muda mrefu. Kisha akafungua kioo, akatoa mkono nje mpaka kiwiko, akaurudisha umelowa, akampaka mtoto shavuni. "Kilichokuja ndicho hiki," akamwambia. "Sisi tukikiona hiki tulikuwa tunajua mto hautakauka."

Maneno hayo ndiyo yaliyogeuza safari yangu yote. Bila yeye ningekuwa miongoni mwa wale niliowakuta kesho yake Doddabetta.

Doddabetta ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Nilgiri, mita 2,637. Kuna jengo la darubini pale juu, na Jumapili ile lilikuwa limejaa watu wenye hasira. Walilipa, walipanga foleni, wakachungulia darubini, wakaona weupe. Baba mmoja alikuwa anamfokea mkata tiketi kana kwamba kijana yule ndiye aliyefunika mlima. Wengine walishuka kwenye gari, wakazunguka mara moja, wakarudi ndani na kufunga milango. "Hakuna kitu." Nilisikia sentensi hiyo kwa lugha nne siku ile, na nilipoikuta kwenye grupu la familia yangu ikawa ya tano.

Hakuna kitu! Yaani mlima ukiwa kazini, tunasema hakuna kitu.

Kaka, nisikilize. Upepo unaoleta ule ukungu unaujua. Ni kusi. Kusi hii hii inayopita kwenye pwani yetu kuanzia Aprili, iliyokuwa ikiyapeleka majahazi ya wazee wetu Bara Hindi, ndiyo inayovuka bahari imebeba maji na kugonga milima ya magharibi ya India. Ikigonga, inapanda. Ikipanda, inapoa, na maji iliyobeba yanakuwa mawingu yanayotambaa ardhini. Kwenye mabonde ya juu kuna misitu midogo inayoitwa shola, miti mifupi iliyojipinda, iliyovaa kuvu na vigoga kila tawi. Miti ile inaukamua ukungu. Simama chini yake siku isiyo na mvua utalowa, maana majani yanadondosha. Kati ya shola na shola kuna nyika za majani, na udongo wake mweusi unanyonya maji na kuyaachia polepole, miezi mingi baada ya mvua kwisha. Mito ya Bhavani na Moyar inalishwa na milima hiyo, inakutana, inakwenda kuingia mto Kaveri. Wakulima wa tambarare wasioujua ukungu hata kwa picha wanaishi kwa ukungu ule.

Sasa mtu anaulipia kiingilio, anausimamia katikati, halafu anadai pesa yake.

Na dharau hii haikuanza leo. Mwaka 1819 John Sullivan, mtawala Mwingereza wa Coimbatore, alipanda huko, akapapenda, na miaka michache baadaye akajenga nyumba. Wenzake wakamfuata wakikimbia joto la chini. Waliipenda baridi, hilo siwanyimi, na bustani ya mimea ya Ooty iliyoanzishwa mwaka 1848 ni nzuri kweli, watoto walikimbia humo mpaka wakachoka. Lakini zile nyika za majani waliziona ardhi tupu inayongoja kutumiwa. Wakaleta mikaratusi na miwati kutoka Australia. Chai ikashuka miteremko. Serikali zilizofuata baada ya uhuru nazo zikaendelea kupanda, kwa sababu viwanda vilitaka mbao na magome. Watafiti walipopima vijito vya Glenmorgan, huko huko Nilgiri, nyika iliyogeuzwa shamba la mikaratusi ilikuwa imepunguza maji kwa asilimia 16 katika miaka kumi ya kwanza. Hapo ndipo "hakuna kitu" inapofikisha watu. Ukishaamini pale hapana kitu, unapaweka kitu chako.

Nilipokuwa namsomea mama hayo simuni, jioni, tukiwa tumejifunika mablanketi mawili mawili kwenye nyumba ya wageni, alinikatiza. Akanikumbusha chemchemi ya nyuma ya kwa babu. Nilikuwa nimeisahau. Nilipokuwa darasa la pili tulikuwa tunateka hapo, maji yalikuwa baridi yanauma meno. Babu alipanda mikaratusi pale bondeni apate nguzo za kuuza, akauza kweli, akatusomesha kwa pesa hiyo. Nilipofika kidato cha pili chemchemi ikawa tope, kisha ikawa shimo. Mama hakumlaumu babu, wala mimi simlaumu. Chai ya Nilgiri nayo inalisha nyumba nyingi za wakulima wadogo, sitaki kusema uongo. Ila mama alisema jambo moja: babu hakuwahi kukaa pale asubuhi akatazama ukungu unakwenda wapi.

Wapo waliotazama. Juu ya ile bustani ya mimea kuna kijiji kidogo cha Watoda, wafugaji wa nyati waliokuwa kwenye nyika zile kabla ya Sullivan na kabla ya chai. Hata jina Ootacamund, ambalo watu wamelifupisha kuwa Ooty, limebeba neno mund, makazi ya Watoda. Nyumba zao za asili zimepinda kama nusu ya pipa, na nyasi za kuezekea zinatoka kwenye majimaji ya mabondeni. Majimaji yakikauka, hakuna paa. Tulinunua kwa mama mmoja shali nyeupe iliyodariziwa nyekundu na nyeusi, ndiyo hiyo mama yangu kaivaa pichani. Wakati tunalipa, kijana mmoja aliingiza simu kwenye mlango mdogo wa hekalu lao bila hata kuuliza. Nilimwambia atoe mkono. Mume wangu anasema nilipaza sauti. Sijutii.

Najua watoto wanataka kuona. Wakubwa pia wanataka, maana likizo ya siku mbili ni pesa na ruhusa na kupanga. Mwanangu mkubwa alikuwa na orodha: kilele, ziwa, farasi, chokoleti. Ziwa tulilikuta limefunikwa, farasi walikuwa wamelowa na wanatia huruma, chokoleti tukala. Lakini saa ile Doddabetta, watu walipokuwa wanagombea darubini, bibi yake alimshika mkono wakaenda mpaka ukingo wa shola, pale kamba ilipoishia. Wakasimama tu. Nilipowafuata, mtoto alikuwa ametanua viganja chini ya tawi, anahesabu matone. Alikuwa amefika arobaini na kitu, nami nikampiga mama picha ile.

Jumapili usiku tukarudi, na kadiri tulivyoshuka kona za Kallar ndivyo joto lilivyotupanda miguuni. Jumatatu ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji ya bomba. Sehemu kubwa ya Coimbatore inakunywa kutoka bwawa la Pillur, na Pillur ni Bhavani, na Bhavani inatoka kule juu. Mama aliamka kabla yetu sote. Nilimkuta jikoni, mkongojo kauegemeza ukutani, anakinga ndoo.

"Ndiyo yale?" akaniuliza.

"Ndiyo yale, mama."

Akafunga bomba kabla ndoo haijamwagika, akachukua kata, akanywa amesimama.