Ana Tatuu, Anataka Usista: Tatizo Liko Wapi?

Niseme mapema, ili anayetafuta jibu la haraka alipate na kuendelea na shughuli zake: hakuna sheria ya Kanisa Katoliki inayomzuia mwenye tatuu kuingia utawani. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 643, umetaja wazi nani hawezi kupokelewa kihalali katika unovisi, yaani kipindi cha malezi kinachotangulia nadhiri: asiyetimiza miaka 17, mwenye ndoa ambayo bado ipo, aliyefungamana na shirika jingine, anayeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, na yule aliyeficha kwamba aliwahi kuwa mtawa mahali pengine. Wino kwenye ngozi haumo.

Ila binti anayeomba usista hakutani na kanuni ya 643. Anakutana na sista wa miito, yule anayewapokea wanaotaka kujiunga, mwenye fomu mkononi, na nyuma yake shirika lenye katiba yake na mazoea yake. Kanuni ya 642 inawataka wakuu wachague kwa uangalifu, wapokee mwenye afya, tabia inayofaa na ukomavu wa kutosha. Hapo kwenye tabia ndipo tatuu inapopenyea. Shirika moja litauliza tu ilichorwa lini. La pili litataka ifutwe kwanza. La tatu litamrudishia cheti chake cha ubatizo na kumtakia safari njema. Wakuu wa kila shirika wana haki ya kuamua, kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "Kanisa linakataa" au "Kanisa linaruhusu", ujue anakusimulia habari za shirika moja analolijua.

Namfahamu binti mmoja, tulikuwa naye VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, aliyejichora jina la marehemu mama yake begani akiwa chuo. Alipoanza kwenda semina za miito, wenzake walimshauri avae blauzi ya mikono mirefu na anyamaze. Akanyamaza. Alipita kipindi chote cha uaspiranti, hatua ya kwanza ya malezi, akioga wa mwisho. Ikaja kuonekana akiwa mpostulanti, hatua ya kabla ya unovisi, na yule aliyesindikizwa kwa misa na vigelegele akarudi nyumbani kwa basi la alfajiri, bila hata mtu wa kumpokea stendi. Maelezo aliyopewa ni kwamba hakuondolewa kwa sababu ya tatuu, aliondolewa kwa sababu hakuwa mkweli.

Kusema kweli, hoja wanayo. Rudia ile orodha ya kanuni ya 643 uone: hila imo, kuficha kumo. Sheria inaogopa zaidi mtu aliyeingia na siri kuliko mtu aliyeingia na doa, na nyumba ya malezi haiwezi kumlea mtu isiyemjua. Lakini nawauliza walezi wetu, huyu binti kuficha alifundishwa na nani? Si sisi? Kwenye parokia zetu kijana wa kiume mwenye tatuu akiomba kuwa bruda, tunasema Mungu amemtoa mbali, na pengine tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda. Wa kike akiomba usista, akina mama wa jumuiya wanaanza kuhesabu alilala wapi na nani. Ngozi ni ile ile na wino ni ule ule. Binti anaujua mzani huu kabla hajafika kwenye geti la shirika, ndiyo maana anakwenda amejifunika.

Kisha kuna wenye Mambo ya Walawi 19:28. Mstari huo unakataza watu kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini, na huyo rafiki yangu alirushiwa kwa sababu tatuu yake ilikuwa ya mama aliyefariki. Sawa. Mstari wa nyuma yake tu, wa 27, unakataza kunyoa pembe za ndevu, na hakuna padre niliyewahi kuona anaulizwa kuhusu ndevu zake. Amri hizo ziliwatenga Waisraeli na ibada za majirani zao, zikiwemo desturi zao za maombolezo. Sidhani kama binti wa chuo Morogoro aliyeandika jina la mama yake alikuwa anaabudu mizimu ya Kanaani.

Ambaye ningependa tumtazame ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Picha yake iko kwenye kumbi za parokia nyingi, amevaa shela nyeusi, mpole, na sikukuu yake tunaiadhimisha kila tarehe 8 Februari. Watu wengi wanajua alikuwa mtumwa. Wachache wanajua shela ile ilifunika nini. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa. Huko El Obeid alimilikiwa na nyumba ya jenerali wa Kituruki, na mke wa jenerali akaagiza watumwa wake wachorwe. Michoro ilianza kuwekwa kwa unga kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia, kisha wembe ukapita juu ya mistari, kisha chumvi ikasuguliwa ndani ya majeraha ili makovu yabaki wazi maisha yote. Wasifu wake hutaja alama 114. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alidhani atakufa.

Huyo ndiye aliyeingia unovisi wa Masista wa Canossa huko Venice, Italia, tarehe 7 Desemba 1893. Kabla ya nadhiri alihojiwa na Patriaki wa Venice, Kardinali Giuseppe Sarto, ambaye baadaye akawa Papa Pio X. Tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri. Sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki aliishi Schio, mji wa huko huko Italia, akipika, akitunza sakristia, akifungua mlango wa nyumba ya masista na kuwasalimia watoto. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Najua jibu linalokuja: Bakhita hakuchagua, alichorwa kwa nguvu. Kweli kabisa, na sitaki kuweka mateso yake sawa na ua lililochorwa saluni Kariakoo. Lakini angalia tumefika wapi. Tumekubaliana kwamba mwili wenye alama unaweza kuvaa shela, kupiga magoti altareni na kuweka nadhiri za daima. Basi ngozi imetoka kwenye mjadala. Kinachobaki ni nia ya aliyechora au kuchorwa, na nia haionekani kwa kumkunjia mtu mkono wa blauzi.

Na waliochagua wenyewe nao wapo. Mtakatifu Yohana Fransiska wa Chantal, mjane wa Ufaransa aliyeanzisha shirika la Visitasio mwaka 1610 pamoja na Mtakatifu Fransisko wa Sale, alijichoma jina la Yesu kifuani kwa chuma cha moto. Mwenye heri Henry Suso, Mdominikani wa karne ya 14, alilichanja jina hilo hilo juu ya moyo wake. Simshauri mtu ajaribu. Nasema tu kwamba mwanzilishi wa shirika zima la watawa angekwama kwenye fomu za baadhi ya mashirika yetu leo.

Tena sisi huku hatuna haki ya kushangaa ngozi yenye alama. Watawa Wabenediktini walipofungua misheni ya Ndanda, kusini mwa Tanzania, mwaka 1906, waliweka makazi chini ya nyanda za Wamakonde, watu waliokuwa wamechora nembo usoni, kifuani na mgongoni, na maji ya ubatizo yalimwagwa juu ya nyuso hizo hizo. Na chale za degedege je? Wangapi kati yetu tulichanjwa na bibi tukiwa wachanga, dawa nyeusi ikasuguliwa, na mistari mpaka leo ipo? Nimeona chale kama hizo kwenye mikono ya sista aliyekuwa anakanda unga wa maandazi ya jubilei, amekunja mikono mpaka viwikoni. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mganga. Kwa nini alama ya mganga, yenye maswali mazito zaidi ya imani, ipite kimya, halafu jina la mama liite kikao?

Sitaki kusema mlezi asiulize. Aulize, tena aulize vizuri. Jina la mpenzi wa zamani ni habari moja. Alama ya genge au ya ibada za kishetani ni habari nyingine, na hapo kuna safari ndefu ya kuzungumza. Tatuu ya miaka sita iliyopita si sawa na ile iliyochorwa mwezi uliopita, binti akiwa tayari anahudhuria semina za miito. Hiyo ya pili ingenifanya hata mimi nimwambie asubiri. Sehemu yenyewe nayo ina maana: sista muuguzi huvaa mikono mifupi wodini, na wagonjwa wana macho. Machi 2018, kwenye mkutano wa vijana wa kuandaa Sinodi ya maaskofu, Papa Fransisko alimjibu mseminari kutoka Ukraine kwamba wasiogope tatuu, akakumbusha Wakristo wa Eritrea wanaochora msalaba usoni, na akasema kinachosumbua ni kupitiliza. Alishauri tatuu iwe mlango wa kuanzia mazungumzo na kijana: umechora nini, na wewe ni wa nani? Mlezi anayeuliza hivyo atapata habari ambazo cheti cha tabia njema kutoka kwa paroko hakitampa kamwe.

Kuhusu kufuta, nitasema bila kuzunguka. Kufuta kwa miale ya leza kunataka kurudi hospitali mara nyingi, ni ghali, na mara nyingine kunaacha kovu. Kumwambia binti wa mkulima "kafute halafu urudi" ni kumkataa kwa lugha laini, na ni kumsukuma kwa watu wanaounguza ngozi kwa dawa kali vichochoroni. Shirika linalosisitiza ifutwe ligharamie, au liseme hapana na kumwacha aende akiwa na ngozi nzima.

Wewe unayejiuliza sasa hivi, na tatuu yako iko mgongoni ambako hakuna atakayeiona, sema kwenye barua ya kwanza. Mstari mmoja unatosha: ninayo, iko hapa, nilichora mwaka fulani kwa sababu hii. Ukikataliwa hapo umepoteza nauli ya bahasha. Mashirika ni mengi, katiba zao hazifanani, na unaruhusiwa kuandikia la pili. Na walezi, wekeni swali hilo kwenye ukurasa ule ule wa fomu mnaoulizia kipaimara na vipimo vya afya, kabla mtoto wa watu hajaacha kazi na kugawa nguo zake.