Castilla aliwaacha huru watumwa wa Peru, hela wakapewa mabwana

Kila nikikuta habari za Ramón Castilla anaitwa mkombozi wa watumwa wa Peru, na mi sibishi, amri aliisaini yeye, ila kuna kitu kwenye hii habari kinanichoma na watu wanakipita haraka mno. Hela. Nani alilipwa, na hizo hela zilitoka kwenye jasho la nani.

Tumjue kwanza. Kazaliwa 1797 Tarapacá, jangwa tupu la kusini, akaingia jeshini akiwa kijana, na aliingia upande wa Mhispania, yaani upande wa mkoloni, mpaka 1817 akachukuliwa mateka kwenye vita ya Chacabuco kule Chile. Akatoroka akapitia Buenos Aires, Rio de Janeiro, akakatiza Mato Grosso mpaka akarudi kwao, bara zima hilo amelizunguka. Baadae akahamia kwa wapigania uhuru, na tarehe 9 Desemba 1824 alikuwepo kwenye vita ya Ayacucho, milimani Peru, siku jeshi la Mhispania linavunjwa, akatoka na jeraha.

Mkoloni akaondoka, vita ikabaki. Majenerali walewale waliosimama bega kwa bega Ayacucho wakaanza kuwindana wenyewe kwa wenyewe, leo huyu yuko ikulu, kesho yuko uhamishoni Chile anatafuta bunduki. Rais Gamarra akaivamia Bolivia, akauawa Ingavi Novemba 1841, Castilla mwenyewe akakamatwa palepale, na baada ya hapo Peru ikawa kama nyumba isiyo na baba, Torrico, Vidal, Vivanco, kila mmoja na jeshi lake na kila mmoja anasema rais ni yeye. Castilla alikuja kumpiga Vivanco pale Carmen Alto, Julai 1844, na 1845 akawa rais.

Na hapa lazima nimtendee haki, alitawala vizuri. Alipeleka bungeni bajeti ya kwanza ya nchi, akaanzisha ujenzi wa reli ya Lima mpaka Callao, na 1851 muhula ulipoisha akamkabidhi rais mpya, Jenerali Echenique, kwa amani, kitu ambacho Peru ya wakati ule ilikuwa haijakizoea kabisa.

Sasa hizo hela alizotawala nazo zilikuwa za guano, samadi ya ndege wa baharini. Kwenye visiwa vya Chincha, mbele ya Pisco, mvua hainyeshi, kwa hiyo kinyesi cha ndege kilirundikana miaka na miaka mpaka kikawa vilima vyenye kina cha makumi ya mita, na wakulima wa Uingereza waligombania ile mbolea kama dhahabu. Meli zilipanga foleni chini ya majabali, juu watu wanachimba kwa sururu na koleo, wanasukuma mzigo mpaka ukingoni, unamiminwa kwenye mipira mirefu ya turubai unashuka mpaka ndani ya meli. Vumbi la njano, harufu kali ya amonia inayochoma macho na pua, jua la utosi, na hakuna kivuli hata kimoja. Wachimbaji walikuwa wafungwa, watumwa, na baada ya 1849 wakazidi kuwa Wachina.

Mwaka huohuo wa 1849, Castilla akiwa rais, ndo sheria ya kuleta vibarua wa Kichina ilipita. Na mmoja wa waliopewa haki ya kuwaleta ni Domingo Elías, tajiri wa mashamba ya Ica. Likumbukeni hilo jina.

Echenique akaharibu. Deni la ndani la serikali likawa shamba la bibi, watu wanaleta madai ya uongo wanalipwa, nchi nzima ikachukia, na 1854 Castilla akashika tena bunduki, na aliyekuwa ameshaanza uasi kabla yake ni nani? Elías huyohuyo. Castilla alipofika Ayacucho mwezi Julai akafuta kodi ya kichwa ya Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa Peru, ile waliyokuwa wanalipa tangu enzi za Mhispania kwa sababu tu ni wenyeji, na jambo hilo peke yake lilitosha kulifanya jina lake likumbukwe.

Novemba Echenique akajibu, akatangaza kwamba mtumwa atakayejiunga na jeshi lake atakuwa huru. Angalia hapo, uhuru wa mtu umekuwa mshahara wa askari. Wiki mbili tu baadae, tarehe 3 Desemba 1854, Castilla akiwa Huancayo huko milimani akapanda dau, akatangaza watumwa wote wa Peru ni huru, wote, isipokuwa wale watakaoshika silaha kumpigania Echenique. Nilipoisoma hiyo isipokuwa mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Yaani ndani ya tamko la uhuru wa binadamu kuna kamstari ka kumkomoa adui. Mwezi mmoja baadae, 5 Januari 1855, akamshinda Echenique pale La Palma karibu na Lima, na amri ikasimama.

Kuna wanaosema kwa hiyo alifanya kwa ajili ya vita tu, hana sifa. Mi sikubaliani nao kabisa. San Martín, jenerali aliyetangaza uhuru wa Peru, alitangaza tangu 1821 kwamba watoto wa watumwa watazaliwa huru, tangazo zuri la wakati wa matumaini, na wenye mashamba walikaa wakalichezea mpaka wale watoto wakazeeka chini ya bwana yuleyule. Miaka 33 ya maneno mazuri. Mama aliyefunguliwa 1855 hajali kama jenerali alikuwa anahesabu bunduki, yeye anajali kwamba kesho mwanae hauzwi. Kwa hilo namsimamia Castilla mbele ya yeyote.

Ila sasa fidia. Walioachwa huru walikuwa kama 25,000, na serikali ikaahidi kulipa pesos 300 kwa kila kichwa, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya milioni 7. Na hizo walipewa mabwana! Aliyepigwa mijeledi maisha yake yote hakupewa hata peso moja, hakupewa kipande cha ardhi, hakupewa jembe, ila aliyempiga akahesabiwa hasara yake mpaka mwisho. Kuna watu wanasema ndo zilikuwa sheria za wakati ule, mali ya mtu ni mali ya mtu. Hapana. Kama serikali ilikuwa na uwezo wa kukaa chini na kukubali kwamba kuna mtu anadai, ilikuwa na uwezo wa kuona nani hasa anadai.

Na fidia ilitegemea nini? Guano. Kwa hiyo Mchina aliyefungwa na mkataba wa miaka minane asioujua kusoma, anachimba samadi jua kali visiwani, wengine wakijirusha baharini kutoka majabalini kwa kukata tamaa, yule ndo aliyekuwa anamlipa bwana shamba ili mtu mweusi awe huru. Na bwana shamba akichukua zile hela alikuwa na uwezo wa kuagiza Wachina wengine. Castilla alipiga marufuku biashara hiyo 1856, nampongeza, lakini 1861 yeye akiwa bado rais ikafunguliwa tena, na mpaka inakoma 1874 walikuwa wameshaletwa kama laki moja.

Mwenyewe alikufa 30 Mei 1867 huko Tiliviche, ndani ya jangwa lilelile la Tarapacá alikozaliwa, mzee wa miaka 69 akiwa safarini juu ya farasi, anaelekea kuanzisha uasi mwingine dhidi ya serikali ya Rais Prado. Waliokuwa watumwa kwenye bonde la Chincha, wengi wao walibaki palepale kwenye mashamba yaleyale, sasa kwa ujira kidogo, na mbele yao baharini vilikuwepo vile visiwa, na watu bado wanachimba.