Nimerudi Tanga na baiskeli, na gari haliji

Tangu nirudi, swali ninaloulizwa sana ni hili: gari linakuja lini? Wanaoniuliza wanaichukulia baiskeli niliyoingia nayo kutoka mpakani Horohoro kama mkoba uliotangulia kontena. Naandika kwa sababu jibu langu limewakera baadhi ya ndugu, na kwa sababu wengi wenu mlio nje mnapanga kurudi na mtaulizwa hivyohivyo. Gari haliji. Joto nimelizoea, umeme kukatika nimeuzoea, foleni ya benki pia. Kinachonishinda kuzoea ni kuona mji uliolelewa na baiskeli ukianza kuionea haya.

Niliishi Uholanzi miaka mingi, nikifanya kazi ya ghala Rotterdam. Mkataba ulipokwisha sikuutafuta mwingine. Niliuza vyombo, nikafunga mizigo kwenye karia, nikafuata mto Rhine kwenda juu, kisha nikaushika Danube. Huko kuna njia ya baiskeli inayojulikana kama EuroVelo 6, inaanzia pwani ya Atlantiki kule Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi. Mimi sikufika mwisho wake. Nilikata kusini kuingia Bulgaria, nikapita Edirne ambako niliswali katika msikiti wa Selimiye, kazi ya Sinan, msanifu majengo wa Waosmani, ya karne ya 16, na nikafika Istanbul. Kutoka hapo nilipanda ndege hadi Nairobi, kwa kuwa njia ya nchi kavu ilikuwa na vita ndani yake. Nairobi hadi Mombasa kwa baiskeli, kivuko cha Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, nyumbani. Ukijumlisha na miezi ya baridi niliyojibanza, safari ilichukua zaidi ya mwaka.

Maisha ya njiani yanakubakizia maswali machache sana. Maji yako wapi, nitakula nini, nitalala wapi. Ukishayajibu hayo jioni, siku imekwisha na hudaiwi na mtu. Nyumbani Ngamiani nilikuta simu imejaa makundi ya michango: harusi ya binamu, arobaini ya jirani, paa la madrasa. Huku mama anataka kujua nitaoa lini. Usiku wa kwanza nililazwa chumba kizuri, godoro jipya, chandarua kimefungwa. Usingizi haukuja. Nikachukua mkeka nikatoka barazani, upepo wa bahari ukanipiga, nikalala hadi adhana. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na bado alfajiri miguu inaamka yenyewe inataka kwenda. Mama aliogopa. Alimwita ustadhi anisomee dua, na mimi nilikaa nikasomewa, kwa sababu wasiwasi wake ulikuwa wa kweli na dua haikatai mtu.

Wanaosema kurudi ni rahisi kwa kuwa ni kwenu hawajawahi kukaa muda mrefu bila kutarajiwa popote. Mwili unajifunza upweke, na unaupenda. Kuja kutarajiwa tena na watu arobaini kwa mpigo kunachosha kuliko mlima wowote niliopanda. Nalisema hili kwa wale mtakaorudi, ili msidhani mna kasoro mkiwakimbia wageni na kujificha chooni. Kunapita. Mimi dawa yangu ilikuwa kuendelea kunyonga baiskeli kila asubuhi kabla jua halijakaza, kwenda Raskazone, kuzunguka Chumbageni, kurudi na mkate.

Asubuhi hizo ndizo zilizonionyesha mji upya. Saa kumi na mbili Tanga ni ya baiskeli. Wachuuzi wanatoka Deep Sea na matenga ya samaki nyuma, maji ya chumvi yanadondoka barabarani. Kuna madumu ya maziwa, kuna mafungu ya kuni, kuna mafundi ujenzi wamefunga koleo kwenye fremu, kuna kina mama wa baibui wanaowapakia watoto kuwapeleka shule. Mji ni tambarare na mitaa yake imenyooka, na wazee wetu waliligundua hilo bila mtaalamu kuwaambia. Nimepita miji ya Ulaya inayotumia fedha nyingi kuwashawishi watu wafanye kile ambacho muuza samaki wa Tanga anakifanya kila siku.

Ila ikifika saa mbili, pikipiki zinatawala. Ukingo wa barabara ambao mwendesha baiskeli angepita umeegeshwa bajaji na kupangwa nyanya, kwa hiyo anasukumwa katikati pamoja na malori. Anayebaki kwenye baiskeli anahesabiwa kuwa ni yule aliyekosa. Baba mdogo aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sikukatazi, lakini watu watasema umerudi mikono mitupu." Nikamjibu, "Baba mdogo, nimerudi na afya, na akiba ninayo. Wacha waseme." Hakuridhika. Namheshimu sana, ila katika hili hayuko sahihi, na nyinyi mlio nje ndio mnaoilisha fikra hiyo kila mnapokuja Desemba na gari la kukodi kutoka Dar ili tu muonekane.

Huwa naambiwa kwamba Uholanzi ni Uholanzi, wenzetu walizaliwa na njia za baiskeli. Hawakuzaliwa nazo. Baada ya vita vya pili vya dunia walikimbilia magari kama sisi tunavyokimbilia sasa, na walilipa. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaja juu, wakafunga mitaa, wakaanzisha kampeni ya kutaka mauaji ya watoto yakome. Kisha nchi za Kiarabu zikakata mafuta, na Novemba 1973 serikali ikazuia magari siku za Jumapili. Watu wakaona kwa macho yao barabara kuu imejaa baiskeli. Njia nyekundu ninazozikumbuka Rotterdam zilitokana na hasira ile na uhaba ule. Leo nchi ina baiskeli nyingi kuliko watu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni utamaduni wao. Utamaduni wa kunyonga baiskeli hata sisi tunao, tena bila kampeni. Wao waliongeza kudai njia.

Na kuna mambo ambayo wao hawana. Huko ukitaka gurudumu linyooshwe wakati wa machipuko, unaandikisha jina na kusubiri, pengine wiki mbili. Langu lilikatika spoku mbili karibu na Duga. Nililisukuma hadi kwa fundi wetu wa Barabara ya Nane. Aliipindua baiskeli miguu juu, akaitazama hub ya kigeni, kile kitovu cha gurudumu zinakoshikia spoku, kwa muda, akanyamaza. Spoku za saizi ile hakuwa nazo. Akachukua ndefu, akazikata, akazichonga uzi upya kwa kifaa kidogo alichokitoa kwenye kopo la maziwa, akazipitisha. Halafu akashika kipande cha chaki karibu na rimu, akalizungusha gurudumu taratibu. Palipoguswa na chaki ndipo palipopinda, akakaza spoku ya upande wa pili nusu mzunguko, akafuta, akazungusha tena. Alirudia hivyo mpaka chaki haikugusa kitu. Mimi nilikuwa sijamaliza kikombe changu cha chai ya tangawizi. Bei aliyonitajia niliona haya kuilipa bila kuongeza.

Fundi huyu ana wanafunzi wawili tu sasa. Zamani pale palikuwa na vijana tele. Wengine wamehamia kwenye pikipiki, na siwalaumu, kwani tumbo halisubiri. Lakini tukiwapoteza hawa tutakuja kuwanunua kwa bei ya ghali siku mafuta yakitushinda, na mafuta hupanda.

Ninachokiomba kwa halmashauri ni kidogo. Ukingo wa barabara uachwe wazi asubuhi na jioni kuanzia Mikanjuni hadi sokoni. Rangi na usimamizi vinatosha kuanzia. Ninachokiomba kwenu ni kikubwa zaidi: mkija likizo, msikodi gari wiki nzima. Baiskeli za kukodi zipo, na kiti fundi atakirekebisha kulingana na urefu wako. Jumapili huwa naondoka baada ya swala ya alfajiri, nashika barabara ya Pangani hadi Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, napumzika kivulini, nakunywa dafu, narudi kabla ya adhuhuri. Njia haina milima. Atakayekuwa tayari anijulishe Jumamosi, nimwambie tukutane wapi.